Sentensi Moja Kuhusu Vijana wa Arash

Siku niliyoanza kazi ya uskauti, miaka miwili kabla ya Uhuru, Kamishna wa Skauti wa Jimbo alinikabidhi filimbi, skafu na daftari lenye jalada jeusi. Nilikuwa mwalimu wa shule hapa Karatu, kijana wa Kiiraqw mwenye soksi zilizovutwa mpaka magotini na maneno mengi mdomoni. Akaniambia, "Mwalimu, filimbi kila mtu anaweza kuipiga. Wewe nataka uwafanye vijana wazungumze, kisha uniandikie kilichotokea." Kazi hiyo niliifanya miaka mingi, na niliifanya vizuri. Wenzangu walio hai wataniunga mkono.

Majadiliano tuliyaita duara. Vijana wanane au kumi wanakaa chini, na kiongozi anakaa chini pamoja nao. Unaanza na swali la kufungulia, jepesi, ambalo hata mwenye haya atalijibu: leo mguu gani umekuuma zaidi? Wakishacheka ndipo unaleta swali zito, na kila mmoja anajibu kwa zamu. Yule anayependa kuwakatiza wenzake unampa kazi ya kuandika. Kambi ikifungwa, unaandika tathmini: tulikusudia nini, tumefanya nini, na kipi kirekebishwe. Kamishna alizisoma zote, kalamu nyekundu mkononi, maana kwa ripoti hizo aliamua kundi gani lialikwe tena na lipi liachwe.

Miaka michache baada ya Uhuru tulipiga kambi kubwa ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro. Kutoka Arash walikuja vijana wanane wa Kimasai na mwalimu wao, wakiwa wamesafiri siku mbili juu ya lori. Nikawagawa wawili wawili katika maduara manne, kama tulivyofundishwa, ili wazoeane na wengine. Hawakusema neno. Nilitania, nikabembeleza, nikabadilisha maswali. Wakanitazama kwa adabu tu. Sikuzoea kushindwa, nikakasirika. Kwenye ripoti nikaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Vijana wa Arash hawashiriki majadiliano."

Kamishna akalifuta kundi la Arash katika orodha ya kambi. Wiki chache baadaye mwalimu wao alifika nyumbani kwangu, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimkaribisha kiti, akakikataa.

"Mwalimu mwenzangu, umewaandika wanangu kuwa mabubu?"

"Nimeandika nilichokiona."

"Wale wana laigwanani wao, msemaji waliyemchagua wenyewe. Kwanza wanakaa pamoja, wanakubaliana, ndipo yeye anasema kwa niaba yao. Wewe ukawatenganisha naye, halafu ukawataka wamtangulie. Nani angethubutu?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia siku ya pili. Ukanijibu kwamba kambi ina utaratibu wake."

Alisema kweli. Nilikumbuka hata mahali tulipokuwa tumesimama. Niliona aibu, na asubuhi yake nikapanda gari kwenda Arusha kwa Kamishna.

"Unataka kunieleza kwamba ripoti yako ni ya uongo?" akauliza.

"Hapana, Bwana Kamishna. Walinyamaza kweli. Ila sikuandika kwamba mimi ndiye niliyewanyamazisha."

Akavua miwani. "Basi nenda ukawasomee ulichoandika. Wakitaka kurudi, watarudi."

Kule Arash niliketi chini, nikaisoma ile sentensi mbele yao. Wakainuka, wakaenda kukaa pembeni chini ya miti ya miiba, wakazungumza mpaka mgongo ukaniuma. Kisha laigwanani akaja, kijana mwembamba, rungu mkononi.

"Mwalimu, tumekubaliana. Tulikuja kujifunza, na tumejifunza kumfunga banzi mtu aliyevunjika mguu. Chakula kilikuwa kidogo. Kosa tumeliona moja: kiongozi anauliza sana, hasikilizi. Tutarudi. Naye aje, ila kwanza akae atazame."

Sijapata kusikia tathmini iliyokamilika namna ile. Niliiandika neno kwa neno, pamoja na hayo yaliyonihusu, na Kamishna akalirudisha kundi.

Sasa nimestaafu. Vijana wa leo hunijia na makaratasi yao ya maswali, wakitaka niwafundishe. Nawaambia kazi hii inafundishika, wasiogope. Ila ripoti usiitie sahihi kabla hujawasomea wanaohusika. Wengine huona nawachelewesha. Basi nawaeleza mwisho wa safari yangu ya Arash.

Waliorudi kutoka kwenye ile miti ya miiba, laigwanani akiwemo, walikuwa watano. Nilimuuliza mwalimu wao walipo wale watatu. Akanijibu kwamba baba zao waliposikia skauti imewakataa watoto wao kwa ububu, waliona na shule ni kazi bure, wakawatoa wakachunge. Tulizunguka maboma yote matatu, mimi na yeye, nikaomba radhi kila mlango. Wazee walinipa maziwa, wakanisikiliza mpaka mwisho. Watoto hawakuwarudisha.