Mshono wa Kushoto

Nilikulia Mbulu, juu kwenye baridi, ambako maji ni ya kisima na ya mfereji, na mtu anaweza kuzeeka bila kupanda chombo chochote kinachoelea. Kwa hiyo kazi yangu ya ufundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano ilipoisha na tukahamia Basotu, nyumbani kwa mke wangu, sikuliamini lile ziwa hata kidogo. Sikuwaamini viboko wake wala upepo unaoanza ghafla mchana. Zaidi ya yote sikuuamini mtumbwi wa mbao tulionunua, mimi na shemeji yangu, kwa mvuvi mmoja aliyekuwa anahama. Alikuwa ameusifia mno. Kwa uzoefu wangu, mtu anayesifia sana kitu anachokiuza ana swali ambalo hataki umuulize.

Shemeji huyo ni mdogo wake mke wangu. Wazazi wao walifariki mapema, na mke wangu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akaweza kutembea. Anaishi Hirbadaw, analima na ana ng'ombe wake. Ijumaa jioni alikuwa anakuja na pikipiki, analala kwetu, na Jumamosi alfajiri tunaingia ziwani kutega nyavu. Mtumbwi wetu ni mzito, unataka watu wawili, kwa hiyo siku asipokuja, mtumbwi unabaki umefunikwa juu ya magogo pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inapoegeshwa.

Kuutunza nilijifunza kwa kuharibu. Mwanzoni nilipaka grisi kwenye mishono kati ya mbao, kama ambavyo ningefanya kwenye trekta. Jua likaiyeyusha, perege wakanuka grisi, na maji yakaendelea kuingia kama kawaida. Nikaangalia wenzangu wanavyofanya: pamba inasokotwa kama kamba, inalowekwa mafuta, inapigwa ndani ya mshono kwa patasi butu mpaka ishike, kisha unapaka lami juu. Ukiuacha mtumbwi juani, mbao zinasinyaa na pamba inalegea, kwa hiyo nikaanza kuufunika kwa nyasi na magunia yaliyoloa. Misumari nilinunua Katesh, na kila mmoja niliukwangua kwenye jiwe kuona kama ule weupe ni madini ya kuzuia kutu au ni rangi tu. Mingine ilikuwa rangi tu.

Majaketi ya kuokolea nayo yalitoka mnadani Katesh. Muuzaji aliapa kwamba ni mapya. Nilipofika nyumbani nikayafunga mawe, nikayazamisha kwenye pipa la maji na kuyaacha humo. Kesho yake moja lilikuwa linavuta kwenda juu vizuri. Jingine lilikuwa limelala chini pamoja na jiwe lake. Nikalipasua, nikakuta ndani sponji ya godoro, imekunywa maji mpaka imeshiba. Mke wangu alisimama mlangoni akitazama ile sponji inavyochuruzika.

"Na hilo ndilo ulitaka kumvalisha mdogo wangu?" aliuliza.

"Ndiyo maana nimelipima," nikamjibu.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Miezi michache nyuma, jirani yetu mmoja alipinduliwa na kiboko karibu na matete ya upande wa pili, na mke wangu alikuwa miongoni mwa wanawake waliokuwa mwaloni mwili ulipoletwa. Tangu siku hiyo aliniomba tuache kuvua. Nilikuwa namwambia jambo lile lile kila mara: yule jirani mtumbwi wake ulikuwa mbovu, haukuweza kukimbia. Mtumbwi ukiwa mzima, hakuna tatizo.

Kisha mshono wa kushoto ukaanza kuvuja.

Jumamosi ya kwanza tulikuwa hatujafika hata mwisho wa majani ya pembeni, miguu yangu ikawa ndani ya maji. Hayakuwa maji ya kutona. Yaliingia kama mtu amefungua bomba. Tukageuza, tukauvuta nchi kavu, nikakuta sehemu ndefu ya mshono haina pamba. Nikalilaumu jua. Nikaziba upya, nikaongeza magunia yaliyoloa maji. Katikati ya wiki nikawaomba vijana wa mwaloni wanisaidie kuushusha majini, ukaelea siku nzima bila tone. Ijumaa jioni shemeji akaja. Jumamosi alfajiri, mshono ule ule, maji yale yale.

Mara ya pili nililaumu misumari. Niling'oa iliyokuwa na kutu, nikapiga mingine, nikaziba. Wiki nzima mtumbwi ulikuwa mkavu. Shemeji akaja, akala ugali wetu, akalala. Asubuhi tukarudi nchi kavu tukiwa tumelowa mpaka magotini, na mke wangu, ambaye alikuwa anafua juu ya mawe pale pembeni, akatusaidia kuvuta kamba.

Hapo nikaacha kulaumu vitu. Trekta likigoma siku zote baada ya dereva fulani kulishika, fundi hafungui injini kwanza. Anamwangalia dereva.

Nikaanza kumwangalia shemeji. Nilikumbuka kwamba wakati wa kiangazi aliwahi kusema afadhali tuuze mtumbwi anunue madume ya kulimia. Nilikumbuka alivyokuwa anatoka nje jioni kuongea na simu, anatembea mpaka karibu na mwalo. Nikiwa nimekaa nje naye, niliangalia mikono yake kama ina lami. Alipocheka nilijiuliza anacheka nini. Siku moja alinikuta nainusa patasi yangu, nikitafuta kujua kama kuna mtu ameitumia.

"Shemeji, unatafuta nini kwenye hiyo patasi?"

"Natafuta aliyeishika."

Akasema taratibu, kwa heshima yake ile ile, "Patasi ni yako. Nyundo ni yako. Pamba unaweka wewe, mimi siku nyingine zote niko Hirbadaw. Na mimi nimekuwa nikijiuliza, shemeji. Labda kuna mtu anataka nichoke, niache sehemu yangu, abaki na mtumbwi peke yake."

Kumbe na yeye alikuwa ananishuku mimi. Tulikaa pale kila mmoja na kikombe chake cha chai, na mke wangu akipita katikati yetu kuanika nguo. Niliwaza tu kwamba mwizi mjanja ndivyo anavyofanya, anapiga kelele za mwizi kabla yako.

Ijumaa iliyofuata niliuziba mshono kwa pamba ngumu niliyoichanganya na lami, nikaipiga mpaka patasi ikawa inaruka, nikaiacha ikauke. Jioni kabla ya shemeji kufika nikapitisha kidole gumba mshono mzima. Ulikuwa kama mwamba. Alfajiri kabla ya kuushusha nikapitisha kidole tena. Mahali pamoja pamba ilikuwa imechokonolewa, ncha yake inaning'inia nje, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachochoma. Nilikitoa kwa koleo. Kilikuwa kipande cha chuma chembamba, kifupi kuliko kucha, kimepinda kichwani kama ndoana isiyo na jino.

Niliwaza ndoana, niliwaza waya wa breki ya pikipiki. Nikamwekea shemeji kiganjani.

"Hii unaijua?"

Alikiangalia kile kipande kwa muda mrefu. Niliona uso wake unabadilika, na ndani yangu nikasema, leo nimempata. Lakini hakukana wala hakukasirika. Alikifumbata, kisha akanirudishia.

"Shemeji," alisema, "hiki usimwonyeshe mtu mwingine. Nakuomba."

"Kwa nini?"

"Nakuomba tu."

Akawasha pikipiki akaondoka bila hata kunywa chai. Kwangu hiyo ilikuwa ni kukiri. Mchana ule nikabeba makasia yote mawili kutoka mwaloni, nikayafungia stoo, na sikumwambia. Jumamosi iliyofuata alifika mwaloni alfajiri akitokea moja kwa moja Hirbadaw, akasimama kando ya mtumbwi akitafuta makasia chini ya nyasi. Mimi nilikuwa nimesimama mbali kidogo, nikimwangalia anavyotafuta. Aliinua kichwa akaniona, mikono yangu mitupu, na akaelewa. Aliniamkia, "Shikamoo, shemeji," nikamwitikia, akarudi kwenye pikipiki yake.

Kwa siku kadhaa niliishi nikijiona mtu mwangalifu sana. Mke wangu alipika, akachota maji, akaniuliza mara moja tu kwa nini mdogo wake hakuingia nyumbani. Nikamwambia ana haraka. Kwenye kiti alichozoea kukalia alasiri, kitambaa cha meza alichokuwa anafuma kilikuwa kimelala pale pale, nusu ya ua imekamilika na uzi umezungushwa juu yake. Mimi nilikiona kila siku nilipopita, na sikukitilia maanani.

Siku ya mnada nilikuwa najiandaa kwenda Katesh kutafuta kamba ya nailoni. Alitoka jikoni akifuta mikono.

"Baba, ukiona wanaouza nyuzi, niletee sindano ya kufumia. Ile nyembamba ya chuma, iliyopinda kichwani. Yangu imekatika."

Nilikuwa nimeshavaa koti. Mkono wangu uliingia mfukoni wenyewe. Nilikitoa kile kipande nikakiweka mezani, juu ya kile kitambaa.

Alikitazama, akavuta kiti akakaa. Hakulia. Nadhani alikuwa amechoka kungoja.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Sasa hivi."

"Mdogo wangu je?"

Ndipo nilipoelewa ule uso aliokuwa nao shemeji pale mwaloni. Amekua akimwona dada yake anafuma kila alasiri. Alikijua kile chuma mara tu kilipogusa kiganja chake.

"Nimekaa nikimshuku yeye," nikasema. Sauti yangu ilianza kupanda. "Nimemfungia makasia! Wewe ulikuwa unapita na nguo zako unatuona tunavyoangaliana, na ulinyamaza!"

"Nilikuambia uache. Nilikuambia mara ngapi?"

"Ulitaka tuzame?"

"Nilitaka msiende." Alinyoosha kile kitambaa mezani kwa viganja vyote viwili. "Kila nikisema, unanijibu mtumbwi ukiwa mzima hakuna tatizo. Basi nikaona usiwe mzima. Ijumaa jioni nikienda kuchota maji, nilikuwa natoa pamba. Nilitoa nyingi, makusudi, ili muone kabla hamjafika mbali. Na asubuhi nilikuwa naenda kufua pale kwenye mawe mpaka niwaone mmegeuza. Huyo ndani ya mtumbwi ni mume wangu, na huyo mwingine nilimlea mimi. Kiboko akiupindua ule mtumbwi, mimi nabaki na nani?"

Nilitaka kuendelea kugomba, lakini ufundi wangu ulinikatisha. Tundu dogo ndilo linaloua, kwa sababu hulioni mpaka uko katikati ya maji. Tundu kubwa linakurudisha nyumbani. Nilikuwa nimeyaona yale maji yakiingia kama bomba na sikujiuliza ni adui gani anayeharibu kwa namna ya kumrudisha mtu salama. Nilikuwa nimemtafuta mwenye nia mbaya, na sikuwahi kutafuta kitu kingine.

Sikwenda Katesh siku hiyo. Nilipanda pikipiki ya kukodi mpaka Hirbadaw. Shemeji alikuwa zizini. Nilimweleza yote, hata yale niliyoyawaza kuhusu simu zake. Alisikiliza huku akimkwaruza ng'ombe shingoni.

"Dada yangu ndiye mama yangu," alisema mwisho. "Ulitaka niseme nini pale? Nikuambie mkeo ndiye?"

"Ungeniambia si wewe."

"Nilikuwa nimeshakuambia, shemeji. Hukuniamini."

Akanipa maziwa, nikanywa, akanisindikiza mpaka barabarani.

Jioni ile mimi na mke wangu tulipatana. Hatuendi tena upande wa matete. Tunatega karibu, mahali anapoweza kutuona, na miezi ambayo viboko wana watoto mtumbwi unakaa kwenye magogo. Majaketi, lile zima na jingine nililonunua baadaye, tunavaa tukiwa bado nchi kavu, na kila msimu anayazamisha kwenye pipa yeye mwenyewe. Samaki tunaopata ni wachache kuliko zamani. Mshono wa kushoto haujavuja tena, ingawa sijaacha kuupitishia kidole alfajiri, na wakati mwingine, nikiwa nimeinama pale, huwa nageuka kuangalia nyuma kuelekea nyumbani.

Shemeji alirudi kuvua baada ya mavuno. Anakuja Jumamosi yenyewe, halali kwetu tena, anasema ng'ombe wanamsumbua. Pembeni ya pikipiki yake amefunga kasia alilochonga mwenyewe, jepesi, limesuguliwa vizuri na kupakwa mafuta. Tukimaliza analikausha, analifunga kwa mpira na kurudi nalo Hirbadaw. Nimemwambia mara nyingi kwamba stoo iko wazi, aliache tu. Ananijibu, "Asante, shemeji," na anaendelea kukaza ule mpira.