Blanketi Kwenye Boneti

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na magari ya mitumba yalipoanza kupanda kutoka Dar es Salaam na kutufikia Makambako, nilikuwa na kibanda cha vipuri karibu na njia panda, na nilikuwa na kiburi. Nasema mapema ili msomaji asinionee huruma. Gari langu lilikwisha kuchoshwa na watu wengine huko Ujapani, lakini rangi yake ilikuwa haijachoka. Ilikuwa kijani iliyoiva, yenye chembechembe za kumetameta kwa ndani, na ukungu wa asubuhi ulipoipitia ungedhani unatazama maji ya kina kirefu. Nilizoea kusimama mbele yake na kikombe cha chai mpaka chai inapoa.

Adui yangu alikuwa kokoto. Malori ya kwenda Zambia yalipita mbele ya kibanda kutwa nzima, na ukiyafuata kwa karibu yanakurushia vijiwe. Kila kijiwe kikipata boneti huacha kidonda cheupe, kidogo kama punje ya ulezi. Sehemu zenye jua hilo si neno. Kwetu, penye manyunyu yasiyojua kukoma, kidonda hakimalizi mwezi kabla hakijashika kutu, na kutu ikishajipenyeza chini ya rangi haina adabu tena. Fundi rangi mmoja akanifundisha kuziba vidonda kwa rangi ya kucha. Nikazunguka maduka ya Makambako, kisha ya Njombe, nikitafuta kichupa cha kijani, na wauzaji wakaniuliza mke wangu ana kucha za namna gani.

Sikuwa na mke. Katika duka moja la Njombe, mtaa wa Ramadhani, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuja kununua sabuni alinicheka waziwazi, kisha akasema kijani ya namna ile haipo, nichanganye ya bluu na ya manjano. Nilichanganya, ikakubali. Nikarudi Njombe kumshukuru. Nikarudi tena bila sababu yoyote, na yeye hakuniuliza sababu.

Mwaka haujaisha tulikuwa tumeelewana. Alinionya jambo moja tu. Baba yake alishafariki, na neno la mama yake ndilo neno la mwisho. Mchumba mmoja alishawahi kurudishwa na mbuzi wake, na hakuna aliyeambiwa kwa nini. Niliposikia hivyo nilianza kukosa usingizi. Nilikuwa mgeni mkoa ule, sina ndugu hata mmoja wa kunisemea, na nilijua nikimkosa yule mwalimu sitampata mwingine wa kunicheka vile.

Mshenga wangu alikuwa fundi cherehani wa mtaa uleule wa Ramadhani, mzee mpole aliyezaliwa kijiji kimoja na akina mwalimu, upande wa Igwachanya. Yeye ndiye aliyenielekeza vitu vya mahari, na kati ya vyote alisisitiza blanketi la mama. Binti alipokuwa mchanga alililowesha la zamani kila siku, alisema, na kwa baridi ya huku hilo si jambo dogo. Basi nikanunua blanketi zito kuliko yote niliyoyaona, jekundu lenye maua meusi, likiwa bado ndani ya nailoni yake.

Siku yenyewe ya kupeleka mahari tuliondoka Njombe asubuhi, kuelekea kijijini kwa mama yake. Lami ilipotuacha tukaingia kwenye changarawe, na mbele yetu kulikuwa na lori tupu lililokwenda kupakia viazi. Halikutupisha wala halikukimbia. Jiwe la kwanza likagonga boneti, ta! Nikalisikia kwenye meno. La pili likapiga karibu na taa. Nikasimamisha gari, nikashuka, nikaona vidonda viwili vibichi kwenye kijani yangu, na hapo akili ikanihama kabisa.

Nilifungua buti, nikachana nailoni, nikatandaza blanketi juu ya boneti na kulibana kwa kamba za mpira wa tyubu. Mzee alishuka taratibu. Akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba lile si langu tena, nimeshalitolea ahadi. Nikamjibu kwa ukali kwamba nitalifungua kabla ya kufika, nitalikung'uta, nitalikunja, hakuna atakayejua. Naona aibu hadi leo kwa namna nilivyomjibu.

Na tazama jinsi mtu anavyoweza kuwa na furaha ndani ya kosa lake. Ukungu ulishuka. Miti ya miwati ya kando ya njia ikawa inatokea mmoja mmoja na kupotea, lori likabaki sauti tu, na mawe yalipogonga yalitoa mlio laini, kama mtu anayepigapiga mto kabla ya kulala. Sikuumia hata mara moja. Niliendesha nikiwa nusu ndotoni, nikimwona mwalimu kando yangu, nikiwaona watoto kwenye kiti cha nyuma, gari likiwa bado kijani vilevile. Mzee alisema kitu kuhusu mto, kisha kuhusu kanisa. Sikumsikia.

Tulifika bila mimi kujua tumefika. Ukungu ulifunguka na tukawa uani, wanawake wamejipanga, na vigelegele vilivyokuwa vimeanza vikakatika. Walikuwa wanatazama boneti. Blanketi lilikuwa limejaa tope, na pembe moja ilikuwa imechanika.

"Kamwene," mshenga alisalimia. Wachache waliitikia.

Shangazi mmoja akauliza kwa upole wa kuudhi kama huyu bibi harusi wa kijani ameshatolewa mahari yote, au kuna kilichobaki cha binti yao. Wengine wakaangua kicheko. Mama mwenyewe hakucheka. Kwa desturi yao mama mkwe hamsemeshi mkwe ana kwa ana, hivyo ingawa nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, alizungumza na mshenga.

"Muulize huyo dereva," alisema. "Binti yangu akipigwa na mawe, atamfunika na nini?"

Mshenga alinigeukia akarudia swali lote, neno kwa neno, kana kwamba mimi ni kiziwi. Mimi nikainama kufungua kamba za tyubu.

Uamuzi wake uliletwa kwa njia ileile. Blanketi libaki, watalifua wenyewe. Mimi nirudi Jumamosi, kwa njia hiyohiyo, na gari hilohilo, likiwa wazi. Hapo ndipo nitakapopewa jibu. Mwalimu nilimwona mlangoni tu, amekunja mikono, na safari hii hakuwa anacheka.

Siku zile nne nilikuwa mtu mbaya. Niliwafokea wateja. Nilijiambia Makambako imejaa wasichana ambao mama zao hawana habari na boneti. Niliwaza kuliacha gari penye lami na kupanda basi dogo, au kuazima gari bovu la jirani. Kila usiku niliota rangi ikibanduka kama maganda ya kitunguu, na chini yake hakuna bati, hakuna kitu. Jumamosi nikampitia mzee.

Siwezi kuieleza njia ile vizuri. Hakukuwa na lori, na nilidhani nimepona, kumbe mabasi madogo mawili yalikuwa yanatoka huko tuendako. Tulipopishana nilisikia mawe yakishuka mbele yangu kama mahindi yanayopukuchuliwa kwenye sinia. Nilikuwa nikitamka kitu kila yalipogonga, sijui nini. Mzee aliniwekea mkono begani na kuuacha pale mpaka tukavuka mto.

Uani hapakuwa na vigelegele wala mstari. Mama alitoka peke yake, akaja mpaka kwenye boneti, akapitisha kiganja juu yake polepole, kama anayempapasa mtoto mwenye surua. Alisimama kwenye kila kidonda. Mimi nilikuwa nimeshika mlango wa gari, nimeinamisha macho kama inavyotakiwa. Mshenga akajisogeza, tayari kupokea maneno.

Hakumpa. Alinigeukia mimi.

"Yamekuuma?"

Nilimtazama mzee kutafuta ruhusa. Mzee alikuwa anatazama chini.

"Yameniuma, mama."

"Sana?"

"Sana."

"Vizuri," alisema. "Siku ile nilikuwa sijui kama unaweza kuumia. Sasa binti yangu akipata kidonda, hata kidogo kama hiki, nataka uumie kuliko leo."

Nilitaka kuitikia. Yakaja machozi, mbele ya mama mkwe na mshenga wangu, mchana kweupe. Mama alifuta tope la kiganjani kwenye kanga yake, akaingia ndani, na mlango akauacha wazi.