Siku Nilipoifumba Macho Rada ya Lindi

Haya, chekeni, maana aliyewakimbiza watu wa Lindi mchana kweupe ni mimi ninayesema nanyi.

Ilikuwa wakati wa vita, Waingereza wameweka rada kilimani, mashine yake ndani ya kibanda, na kazi yangu ilikuwa kulizungusha lile lichuma linalotafuta meli za adui. Kutazama kioo chake, ambacho meli hutokea kama doa, ilikuwa kazi ya sajini, Mzungu mmoja mwembamba, ila asubuhi ile homa ilimlaza, akaniambia, "Doa likitokea mara tatu mahali palepale, ndipo upige king'ora. Usiguse kitu kingine."

Nikagusa! Palikuwa na kidude cha kuzungusha, kama cha redio, cha kuipa mashine macho makali, nikaona nikikiongeza kidogo tu nitaiona manowari kabla ya mtu yeyote nipate cheo (ujinga nao una tamaa), mara kioo kikajaa madoa kama mwenye surua, mimi hizo mara tatu nani azingoje, nikapiga king'ora, mtaa mzima wa Mtanda, pale chini, ukamwagika kukimbilia mashambani, na wa kwanza kupita kilimani alikuwa Bi Somoe, mama wa mchumba wangu, kiatu mguu mmoja, mbuzi ya kukunia nazi kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tumeingiliwa na nini?"

Nikachungulia nje. "Mama... ni mawimbi. Na ndege."

"Yallah! Ndege zimekuja?"

"Hazikuja, mama. Wamekuja. Wale wala samaki."

Akageuka bila kuaga.

Kwa fedheha ile nikakirudisha kidude nyuma mpaka mwisho, kioo kikatulia tuli, nami kesho yake nimekaa kwa raha zangu (sajini bado anatetemeka kitandani) nikasikia mtu nyuma yangu akiuliza, "Kuna chombo baharini?"

"Hakuna hata kimoja!" nikajibu bila kugeuka.

"Basi mimi nimekuja kwa kuogelea?"

Kugeuka, ni meja, suruali imelowa magotini, na boti lake, kubwa kama msikiti, limetia nanga pale chini.

Nilihamishiwa jikoni kumenya viazi, na posa yangu ikalala mwaka mzima. Tangu hapo nimeapa: mashine ikipiga kelele siichochei wala siizibi mdomo, nainuka kwanza nikatazame kwa macho yangu, kwa sababu kile kibanda, ndugu zangu, kilikuwa na dirisha, tena linatazama bahari.