Tangazo la Kufunga Maji

Mkubwa wetu katika ofisi ya maji alikuwa mtu wa chai na kalamu ya mfukoni. Kazi hakuijua wala hakuona haya. Bomba kuu la Kikwajuni lilikuwa limeoza, na kulibadilisha maana yake ni watu kukosa maji kutwa nzima. Akatuita makarani tushauriane tuwaambie lini na kwa njia gani.

Nikasema watangaziwe misikitini Ijumaa ya kabla yake, na gari la kipaza sauti lipite mitaani. Akanitazama kama niliyemtukania mama yake.

"Ndugu, ukiwaambia mapema watajaza kila sufuria, maji yatapungua, kelele nipigiwe mie. Wasipojua, watalalamikia nini?"

Wenzangu, mabingwa wa kuitikia, wakaitikia. Siku yenyewe haikutajwa. Eti tungejulishwa.

Haukupita muda bibi yangu, aliyenilea Kikwajuni, akafariki alfajiri. Shangazi akaenda kufungua mfereji apate maji ya kumwosha. Mfereji ukakoroma, ukanyamaza. Mtaa mzima hamkuwa na tone. Nilielewa papo hapo, na sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule.

Tulitaka kumzika adhuhuri. Badala yake tulihangaika na ndoo mpaka kisima cha zamani, chenye maji ya chumvi ambayo bibi hakukubali hata kufulia kanga zake. Sabuni ilikataa kutoa povu. Ndiyo maji tuliyomwoshea, na shangazi alilia kwa aibu zaidi kuliko kwa msiba. Tukiwa bado tunachota, gari la ofisi yetu likapita polepole, likiwasihi wananchi waweke akiba ya maji. Mpumbavu yule alikuwa amefunga kwanza, akatangaza baadaye.

Alasiri akaja mazikoni kutoka kwake Chukwani, ambako bomba halikuguswa, kanzu imenyooka kwa pasi. Akanipa pole ndefu. Sala ya maiti ilipokaribia akakunja mikono ya kanzu, akaniinamia sikioni.

"Ndugu yangu, wapi ntapata maji nitie udhu?"

"Maji yamefungwa, Mkubwa," nikamjibu kwa sauti, watu wote wasikie. "Kwani hukutangaziwa?"

Hakuna aliyemletea hata kopo. Tukapanga safu tukamsalia bibi, yeye akabaki barazani na mikono yake mikavu.