Baraza ya Mama Mbele ya Ziwa

Mama yangu alijua neno moja tu la Kiingereza, "sori", na hilo alikataa katakata kulisema.

Nilimleta London kutoka Unguja baada ya baba kufariki, katikati ya miaka ya tisini. Nyumba yetu ilikuwa kwenye safu ya nyumba za matofali zilizofanana kama shilingi kwa ya pili, zilizojengwa zamani kwa ramani moja mbele ya ziwa dogo. Zote zilikuwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria. Hata rangi ya mlango, uombe ruhusa!

Mimi na mke wangu tulishinda kazini, mama akabaki na televisheni asiyoielewa. Akaanza kukonda. Mtu aliyezoea kukaa barazani kila alasiri akisalimiana na mtaa mzima!

"Mwanangu," aliniambia, "humu nitakufa na salamu zangu kooni."

Basi nikamjengea baraza. Mwenye akili angenunua benchi, lakini kwetu baraza haihamishwi, inashikana na ukuta. Nikachanganya saruji, nikapanga matofali, nikapaka chokaa nyeupe pee. Mama alikaa siku tisa akipungia wapitao, mpaka mabibi wa Kizungu wakawa wanaanza wao kumpungia.

Siku ya kumi akaja bwana wa halmashauri na kamera. Nimeharibu uso wa nyumba, alisema. Nibomoe au nishtakiwe. Nilikasirika. Lakini nikakata pua nikaunga wajihi: nilibomoa, mama akinitazama dirishani.

Wiki mbili baadaye bwana yule alirudi kukagua. Akamkuta mama ameketi chini, palepale ilipokuwa baraza, juu ya mkeka, kajifunika blanketi na kanga mbili. Akaniuliza huyu anafanya nini hapa.

"Mwambie nyumba yake ya zamani nimeiheshimu," alisema mama. "Na mimi ni wa zamani. Kama karatasi zake zinasema nibomolewe, alete nyundo."

Nilitafsiri neno kwa neno, wallahi sikupunguza. Bwana alipekua karatasi zake, akafunga mkoba, akaondoka.

"Hajaaga," alisema mama. "Mwite."

Nikamwita. Akarudi, akavua kofia, akaaga. Mama aliitikia bila kuinuka, na hapo alikaa kila siku isiyo na mvua, miaka sita, mpaka miguu ilipokataa.