Teke la Dale Lisilohesabiwa

Shemeji yangu Dale Pruchnik alilipwa kwa kazi moja katika futiboli ya Kimarekani: mwenzake anapiga goti na kuusimamisha mpira nyasini, na yeye anaupiga upite juu, katikati ya nguzo mbili. Haangushi mtu wala haangushwi. Majitu aliocheza nao hawakumjali mpaka mechi ifike ukingoni. Hapo wote walimkodolea macho.

Kila timu huwa na mpigaji mmoja tu, kwa hiyo Dale aliishi kwa kusubiri mwingine aumie. Simu ikilia, anateremka kwenye paa tunaloezeka, anapanda ndege kwenda Denver au Buffalo. Mwenye nafasi akipona, Dale anarudi kwetu Wisconsin. Dada yangu Noreen aliacha hata kumfungulia begi.

Hatimaye timu moja ilimbakiza msimu mzima. Mechi ya mwisho ilichezwa kwenye theluji, wakiwa nyuma kwa pointi mbili, sekunde zikiyoyoma. Dale akapiga teke la pointi tatu. Mpira ukapita katikati kabisa. Kwenye baa ya Verlin, tulikotazama kwenye televisheni, tulirukiana kwa furaha kama wendawazimu.

Kumbe mwamuzi alikuwa ametupa kitambaa chake cha njano, ishara ya faulo. Mchezaji wetu mmoja alikuwa amemvuta mpinzani jezi. Teke likafutwa, timu ikarudishwa nyuma kwa adhabu, Dale akaambiwa apige tena. Mara hii mpira uligonga nguzo ukarudi uwanjani.

Wiki hiyohiyo akaachishwa. "Mguu wako sina neno nao," kocha alimwambia. "Ila mashabiki hawataki kukuona." Yule mvuta jezi akaongezewa mkataba.

Ijumaa tukaenda kwa Verlin kula samaki wa kukaanga, kama kawaida.

"Dale!" Verlin akapaza sauti toka kaunta. "Ile nguzo ilikukosea nini?"

Watu wakacheka.

"La kwanza liliingia, Verlin."

"Lipi hilo?"

"La kwanza! Si ulilishangilia wewe mwenyewe?"

"Halikuhesabiwa, bwana."

"Najua halikuhesabiwa!" Alisimama akabamiza meza, bia ikamwagikia sahani ya Noreen.

"Kaa chini ule," Noreen akamwambia kwa sauti ya chini. "Watu wanakutazama."

"Si ndiyo kazi yao?"

Agosti aliitwa kwenye majaribio na timu moja ya kusini, yeye na kijana mmoja aliyetoka chuo. Aliporudi, Noreen alimpokea mlangoni.

"Vipi?"

"Sikukosa hata moja."

"Wamekuchukua!"

"Wamemchukua kijana. Yeye kakosa mawili. Eti wanaangalia mbele."

Noreen alimvua viatu kama anayemvua mgonjwa.

Oktoba timu hiyohiyo ilinipigia mimi, kwa kuwa Dale alikuwa hapokei tena simu. Nikampelekea habari.

"Kijana kaumia paja, shemeji. Wanakutaka kesho."

"Kwa muda gani?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili," akasema, na kucheka kicheko kisicho na furaha. "Waambie wamtafute mwingine."

Nilidhani yameisha. Jumapili nikamkuta kwake mbele ya televisheni, akiitazama timu ileile. Mpigaji wao wa kuazima alisogea, akapiga teke jepesi ambalo hata mimi nisingelikosa. Likaenda pembeni.

"Mungu wangu!" Dale akanguruma. Akatoka nje, akaubamiza mlango mpaka picha ya harusi yao ikaanguka ukutani.

Noreen aliiokota, akaiweka mezani kifudifudi, akarudi jikoni.