Baiskeli Niliyoipaka Mafuta ya Kondoo

Mvua ikianza huku kwetu Kotile, magari ndiyo ya kwanza kukimbia. Wenye malori wanaangalia wingu, wanafunga turubai, wanarudi Garissa, na hutawaona tena mpaka udongo ukauke. Halafu pikipiki nazo zinapungua. Udongo wetu ni mweusi. Ukiwa mkavu unapasuka mpaka mbuzi anavunjika mguu ndani ya ufa. Ukilowa unanata kama ugali mbichi, unashika gurudumu na hauachi. Wanaobaki ni ng'ombe na sisi tusio na pa kukimbilia.

Mimi nilibaki na baiskeli.

Si baiskeli ya kawaida. Ni ile ya milimani, tairi nene zenye meno, nayo ina mota na betri ya umeme. Huku hakuna mlima hata mmoja, kwa hiyo usiniulize kwa nini ya milimani. Ilikuwa ya mwanangu wa mwisho. Alikuwa mlinzi wa wanyamapori, anazunguka porini kulinda hirola, wanyama wenye pembe ndefu ambao wamebaki wachache, na walipewa baiskeli hizo kwa sababu hazina kelele, mnyama hashtuki. Mradi ulipoisha akaruhusiwa kubaki na yake. Hakukaa nayo. Akapata kazi Qatar, akaniachia baiskeli pamoja na sola ya kuichaji, akasema niiuze ninunue mbuzi.

Sikuuza. Nilijifunza kuiendesha ndani ya ua wangu, nimevaa suruali chini ya dera, na mara mbili tatu niliishia kwenye miiba ya ua. Wanawake kisimani waliniuliza kama kuna mwanamume ninayetaka kumtoroka au ninayetaka kumfuata. Wazee wawili wakapeleka habari kwa sheikh. Sheikh akawauliza, anajisitiri? Wakasema ndiyo. Anakosa sala? Wakasema hapana. Akawaambia waende wakaangalie mifugo yao. Tangu siku hiyo hakuna aliyenisumbua, na mimi sikumsumbua mtu.

Sikuiuza kwa sababu nilikuwa na mahali pa kwenda. Mke mwenzangu alikaa ng'ambo ya bonde, upande wa Ijara. Yeye alikuwa wa kwanza, mimi wa pili. Nilipoolewa nilikuwa mdogo na mdomo wangu mrefu, na yeye hakuwa mtu wa kusamehe. Miaka mingi tulipitana bila salamu. Mzee, mume wetu, alipofariki, tulikaa eda kila mmoja kwake, na eda ilipokwisha akanitumia maziwa kwenye kibuyu. Sasa kwetu kibuyu cha mtu hakirudi kitupu. Nikatia sukari, nikakipeleka mwenyewe. Yeye hakutaka kubaki na sukari yangu bila jibu, akakileta na samli. Kibuyu kikaenda na kurudi hivyo mpaka tukachoka na ujinga wetu, akasema, kaa chini unywe chai.

Ikawa kila Ijumaa. Watoto wake walikuwa wameondoka, wangu pia. Tulikunywa chai ya maziwa, tukasema mambo ya zamani, siku nyingine hatukusema kitu. Hakuna mtu mwingine aliye hai anayejua mzee alivyokuwa anakoroma. Jambo kama hilo huwezi kumweleza mgeni.

Mwanawe mkubwa anafanya biashara ya mifugo Banissa, huko juu kabisa Mandera, na kila akija alitaka kumchukua. Alikuwa akikataa. Lakini mvua moja maji yalikata bonde, nami sikuwa na baiskeli bado, akakaa peke yake msimu mzima, hata wa kumsikia akikohoa hakuna. Maji yalipopungua nikamkuta amekonda. Akaniambia hivi: mvua nyingine ikikukata tena usifike, mimi naenda na mwanangu. Hakusema kwa hasira. Nikamwambia nitafika. Kwa hiyo kazi ya baiskeli ilikuwa hiyo, kufika kila Ijumaa ya mvua, na nyingine haikuwa nayo.

Kuitunza kwenye mvua si kazi ya mtu mvivu. Nasema hivyo kwa sababu vijana wanadhani umeme unafanya kila kitu. Kwanza unatoa upepo kidogo, tairi iwe inabonyea kwa kidole gumba, ndiyo meno yashike tope. Unatembea na kijiti cha kuchokoa udongo kati ya gurudumu na matgadi, maana udongo mweusi ukijaa pale gurudumu haligeuki tena na unabeba baiskeli badala ya baiskeli kukubeba. Kile kioo kidogo kinachoonyesha chaji unakifunga kwa karatasi ya nailoni. Ukifika nyumbani unaiosha kwa birika, polepole, hupigi maji kwa nguvu yakaingia kwenye mota. Halafu unachomoa betri, unaipangusa, unailaza mahali pakavu, mbali na moto.

Nyumbani kwangu sehemu kavu ni moja tu. Mabati yanavuja kila upande isipokuwa juu ya kitanda, upande aliokuwa akilala mzee. Nikawa nailaza betri pale juu ya shuka. Nikigeuka usingizini naigusa, baridi, ngumu. Niliizoea.

Mke mwenzangu nilipomwambia jambo hilo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kuanzia hapo baiskeli akaiita mume wangu mpya. Nikiingia ananiuliza, mumeo amekula leo? Maana yake amechajiwa. Nikimwambia kulikuwa na mawingu, sola haikujaza, anasema basi ni kama yule wa kwanza, mvua ikinyesha hataki kufanya kazi.

Mvua iliyofuata ilikuja mapema, ikakaa. Ijumaa za mwanzo nilifika bila shida. Halafu cheni ikaanza kushika kutu na breki zikaanza kulia. Zililia kama ndama aliyefungwa mbali na mamake, mtu ananisikia kabla hajaniona. Chupa ndogo ya mafuta aliyoniacha nayo mwanangu ilikuwa imekwisha, na dukani hapa kuna mafuta ya kupikia na mafuta ya nywele. Kumpigia mwanangu sikuweza. Mtandao ulikuwa umeanguka pamoja na mvua.

Basi nikafanya tunavyofanya. Kwetu kitu chochote kitakachokutana na maji kinapakwa mafuta ya mkia wa kondoo. Kamba tunapaka. Viatu vya ngozi tunapaka. Ndoo ya ngozi ya kisimani, isipopakwa inapasuka. Mama yangu alipaka, na mama yake, na sikumbuki kuona kitu kilichoharibiwa na mafuta ya kondoo. Nikayeyusha kipande jikoni, nikachukua kitambaa. Nikapaka cheni. Nikapaka yale meno ya shaba mahali betri inapokaa, maji yasiingie. Halafu, kwa kuwa zililia zaidi ya vyote, nikapaka breki, zile sahani za chuma pande zote mbili, vizuri, bila haraka.

Nikaizungusha uani. Haikutoa sauti hata kidogo. Nikafurahi, wallahi.

Ijumaa baada ya sala nikaondoka. Mvua ilikuwa nyepesi. Njia ya kwenda kwake ni tambarare mpaka unapofika bondeni, hapo inateremka. Chini katikati kuna mgunga mdogo, na huo ndio kipimo chetu. Maji yakiwa chini ya mahali matawi yanapoachana, unavuka. Yakifika kwenye panda, unarudi nyumbani na hubishani. Desturi yangu ilikuwa kusimama juu ya mteremko, kuangalia mti, halafu kuamua.

Nikashika breki. Mkono wa breki ukaja wote mpaka mwisho, na baiskeli ikaendelea. Nikashika ya pili, vilevile. Yale mafuta yalikuwa yanafanya kazi yake. Nikateremsha miguu, viatu vikateleza, na niliyaona maji yakija pamoja na mti, na maji yalikuwa kwenye panda kabisa. Sikuamua kitu. Niliingia.

Maji yalinifika kifuani nilipoanguka. Hayakuwa ya mbio sana, alhamdulillahi, yalikuwa ya kusukuma tu, kama ng'ombe anayekuegemea. Nilishika usukani. Kuna kitufe ambacho ukikibonyeza mota inakusaidia kusukuma, nikakibonyeza, kioo kikawa cheusi. Mafuta niliyopaka kwenye meno ya betri yalikuwa yameshika mchanga na sisimizi tangu juzi, na maji yakamaliza kazi. Baiskeli ile bila umeme ni nzito kama mtu mzima aliyelewa. Ningeiacha ningetoka upesi. Sikuiacha. Nilikwenda kidogo, nikasimama, nikashika matawi ya mgunga, miiba ikaniingia mkononi, nikaenda tena. Hakukuwa na mtu upande wowote. Niliita mara moja, nikasikia sauti yangu ilivyo ndogo, nikanyamaza, nikaweka pumzi kwenye miguu.

Nilipotoka ng'ambo jua lilikuwa limeanza kushuka. Nikasukuma mpaka kwake.

Alikuwa amekaa mlangoni juu ya kigoda, amejifunika, uso ameuelekeza bondeni. Kutoka pale mlangoni bonde linaonekana lote. Hakuinuka. Alinitazama nikija, tope mpaka kichwani, kiatu kimoja, nasukuma chuma kisichokwenda. Nilingoja aseme habari ya mume wangu mpya. Aliinuka akaingia ndani.

Akanipa nguo yake kavu na maji ya kutawadha. Tukasali. Chai ilikuwa imechemshwa na kupoa na kuchemshwa tena, ilikuwa chungu. Nikamweleza habari ya mafuta ya kondoo nikidhani atacheka. Akasema tu kwamba hata yeye angepaka. Nikamwambia, unaona, nimefika.

“Umefika,” akasema. “Nimekaa hapa mlangoni tangu adhuhuri nikiangalia maji.”

“Ulisema nisipofika utaondoka.”

“Abaayo, sikiliza.” Huwa ananiita abaayo, dada, akiwa na jambo zito. “Nilimngoja yule mzee maisha yangu yote. Usiku wake wa kwangu ukifika nakaa hapahapa mlangoni, naangalia njia inayotoka kwako. Siku nyingine alikuja, siku nyingine alikawia. Nimengoja vya kutosha. Sasa nakungoja wewe, na wewe huji kutoka kwa mke mwenza, unakuja kutoka majini.”

Nikamwambia nitaosha breki, nitapata mafuta mazuri, nitafunga betri kwa nailoni mara mbili. Nilisema mambo mengi ya baiskeli. Aliniacha nimalize.

“Njia ikikauka nitaenda na mwanangu,” akasema. “Nikiwa Banissa najua huji. Ijumaa nitalala.”

Mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. Nilimwuliza kama kuna sukari zaidi.

Nilikaa kwake mpaka maji yalipopungua. Hatukulizungumza tena jambo hilo. Tulilala kitanda kimoja kwa sababu ndicho kilichokuwepo, na nikajua kwamba naye anakoroma, vibaya kuliko mzee. Baiskeli ilikaa ndani pamoja nasi, imeegemea ukuta. Asubuhi moja nilimkuta anaipangusa kwa kanga yake ya zamani, anaingia katikati ya spoki moja moja.

Mtandao uliporudi nikamtumia mwanangu ujumbe wa sauti, nikamweleza yote isipokuwa maji ya kifuani. Akanijibu kutoka Qatar, na nyuma yake nilisikia magari mengi. Alikuwa anajizuia kucheka. “Hooyo,” akasema, yaani mama, “baiskeli si kiatu.” Akanieleza nioshe sahani za breki kwa sabuni na maji ya moto, nikwangue vipande vinavyobana kwa msasa mpaka weusi utoke, na nisafishe meno ya betri kwa spiriti na mswaki wa zamani. Nikafanya vile. Betri nikaikausha muda mrefu kabla ya kuirudisha. Kioo kikawaka. Breki zikaanza kulia tena, na safari hii nikaziacha zilie.

Udongo ulipokauka lori la mwanawe likaja. Vitu vyake vilikuwa vichache, havikujaza hata kona. Nilikwenda kuagana naye kwa baiskeli, na alipokwisha kupanda akaniteremshia kibuyu, kile cha kwanza. Ndani kulikuwa na samli. Nikamwambia asubiri nikitie kitu, hakirudi kitupu. Akasema nikae nacho mpaka nipate cha kutia. Mwanawe akawasha lori.

Sasa mvua imekuja tena. Kibuyu kiko juu ya kabati, nimekijaza sukari, na magari ya kwenda Banissa hayapiti huku. Ijumaa baada ya sala natoa upepo kidogo kwenye tairi, nafunga kioo kwa nailoni, nachukua kijiti. Naendesha mpaka juu ya mteremko. Pale nashika breki, zinalia, baiskeli inasimama barabara. Naangalia mgunga, naangalia maji yamefika wapi. Mlango wake unaonekana ng'ambo, umefungwa kwa kamba. Halafu nageuza.

Yeye hupiga simu mtandao ukikubali. Anauliza mvua, anauliza ng'ombe, mwisho anauliza kama mume wangu hajambo. Namwambia hajambo, yuko kitandani, mkavu.